Laiti Ungekuwa Mlafi

11 Februari

Pacha wangu,

Pokea salamu zangu, wewe, mama watoto na wote wanaokalia kiti chako cha kunyolea. Natumaini kifua chako kimetulia. Ukiniuliza changu nitasema sijambo, maana ndivyo tulivyofundishwa kujibu, lakini sijambo hii ina matundu kama chandarua cha gesti.

Nimeshika kalamu kwa sababu nyumbani kwangu simu ina masikio mengi. Barua nampa kondakta wa basi la asubuhi akuachie hapo kinyozini. Nawe nijibu kwa njia hiyo hiyo, uiache barua kwenye duka langu la kushona, si nyumbani.

Pacha, mshipa wangu wa moyo umeziba tena.

Ule ule, palepale walipoweka stenti. Unakumbuka tulivyoingizwa siku moja, mimi kitanda cha dirishani, wewe cha mlangoni, daktari mmoja, kijibomba cha waya cha aina moja, mpaka wauguzi wakatubandika jina la pacha? Basi chuma chako na changu ni ndugu, lakini changu kimenigeuka. Nilikuwa napandisha jora la kitambaa cha sare kwenye ngazi za duka, nikahisi mkono ule wa zamani unanikaba kifuani. Nikakaa juu ya jora. Nilijua.

Daktari Miwani akanionyesha picha. Ndani ya chuma kumeota nyama, Pacha. Imejaa kama ukungu ndani ya chupa ya maziwa iliyosahauliwa dirishani. Nilitazama kitu hicho kinachoishi ndani yangu, kinachonenepa kwa damu yangu, nikaomba beseni.

Lakini si hicho kilichonichefua zaidi. Miwani alivua miwani yake, akavuta kiti, akasema kwa ile sauti ya kumbembeleza mtoto aliyeiba sukari, "Mzee wangu, hapa tupo wawili tu. Tuambiane ukweli. Unakula nini?"

Mimi! Tangu tutoke hospitali sijaweka chumvi mdomoni. Nakula mboga zilizochemshwa mpaka zimesahau jina lao. Kuku wangu anavuliwa ngozi kama mwizi anavyovuliwa shati. Vidonge sijaruka hata kimoja, na sigara sikuivuta hata ujanani. Nilimwambia yote hayo. Akatikisa kichwa polepole, akaandika. Alichoandika sikukiona, ila uso wake nilikwisha kuusoma.

Wamenipanua upya na kuniwekea chuma kingine ndani ya kile cha kwanza. Nimerudi nyumbani. Mke wangu ananitazama ninavyotafuna. Binti yangu, yule mwalimu wa chekechea aliyekuwa akihesabu vidonge vyangu wodini nawe ukamwita Mkaguzi, jana alinikumbatia. Nikafurahi. Kumbe alikuwa ananinusa mdomo.

Nione haya au nione kinyaa? Vyote viwili vimeingia kwa mlango mmoja.

Pacha wako wa dirishani


19 Februari

Pacha wangu Fundi,

Salamu zimefika salama, na bahasha haikufunguliwa, kondakta ni mtu wa haki. Mama watoto hajambo, wateja hawajambo, na wale wenye upara wanaendelea kudai punguzo. Pole sana, ndugu yangu. Pole tena.

Neno la kwanza ni hili: nakuamini. Nimeliweka juu kabisa usije ukalitafuta huko chini.

Mimi nililala hatua tatu kutoka kwako. Nilikuona ukirudisha supu ya hospitali ukidai ina chumvi, na mhudumu akakuapia kwamba haijaona hata chumvi ya chozi. Mimi saa hiyo hiyo nilikuwa chooni na sigara ya kuazima, napeperusha moshi kwa kanzu ya hospitali iliyo wazi nyuma. Sasa kati yetu wawili, nani alistahili kuziba?

Na hapa ndipo naogopa kuendelea, lakini mapacha hawafichani. Wiki iliyopita nami nilienda kuangaliwa. Miwani akatazama picha yangu, akapiga mluzi. "Safi kama bomba jipya," akasema. Nikamwangalia usoni nione kama ananitania. Jumapili yake tu nilikuwa nimekula mbavu zenye mafuta mpaka sharubu zikang'aa zenyewe bila pomedi. Nilitoka pale nimeinamisha kichwa kama mtu aliyepewa chenji ya mwenzake.

Mwambie Mkaguzi mimi ndiye wa kunuswa. Wewe kaza moyo. Mungu akigawa hatumii mizani ya muuza sukari.

Pacha wako wa mlangoni


6 Mei

Kwako Kinyozi,

Salamu. Natumaini u mzima, na kwa habari zako za mwisho sina shaka u mzima kupita kiasi.

Barua yako inanuka mafuta. Niliisoma mara moja, nikaifunika kwa vipande vya vitambaa, hata hivyo niliendelea kuinusa. Umekula mbavu, umeng'aa sharubu, umepigiwa mluzi. Hongera. Unaniandikia hayo mimi ninayekula matango!

Nimeziba tena. Mara ya pili sasa. Chuma ndani ya chuma, na nyama imeota ndani ya vyote viwili. Miwani safari hii hakuniuliza nakula nini. Alimwuliza mke wangu, mbele yangu, kana kwamba mimi ni mbuzi aliyeletwa kupimwa.

Sikiliza yaliyonipata. Mteja mmoja aliniletea koti nipunguze mikono. Jioni kulikuwa na baridi, nikalivaa kwenda nalo nyumbani ili nimalizie huko. Mkaguzi akalipokea mlangoni, akatia mkono mfukoni, akatoa karatasi. Karatasi ya kufungia nyama ya kukaanga, imelowa mafuta, na kipande cha mfupa ndani yake. Akaiweka mezani katikati, mama yake akaketi taratibu kama aliyeletewa habari ya msiba.

Nikasema, "Si koti langu."

Binti yangu akasema, "Baba, ulikuwa umelivaa."

Wakamwita shemeji yangu, kaka wa mke wangu, yule mwenye tumbo la kutangulia mlangoni. Mtu anayekula kwa watu wanne ndiye aliyeletwa kunikanya ulafi! Akanishika bega. "Shemeji, sisi hatukuchukii. Kiri tu, tukusaidie." Vidole vyake vilikuwa vinanata. Niliona karaha tupu. Nikawaambia, mwenye koti aulizwe. Wakatazamana. Mke wangu akasema kwa upole, "Tukamwaibishe mteja wako kwa ajili ya mfupa?" Ule upole wake ulinichefua kuliko tusi.

Mwenye koti hakuulizwa. Koti lilichukuliwa siku iliyofuata, na shahidi wangu akaondoka amevaliwa.

Nanuka kwangu mwenyewe sasa. Nikijipapasa kifua nahisi kama nashika mfuko wenye kitu kilichooza. Nakuomba usiniandikie mpaka utakapokuwa na habari isiyo na mafuta.

Fundi


20 Juni

Pacha wangu,

Salamu zangu zipokee hata kama umezikunjia uso. Umenikataza kuandika, nami nimevumilia kadiri mtu mwenye mdomo wa kinyozi anavyoweza kuvumilia. Leo siwezi. Nina makosa na nina habari. Nitaanza na makosa.

Nilikuja kwako.

Nilipanda basi, nikavaa shati la pasi, nikafika nyumbani wakati najua uko dukani. Nia yangu ilikuwa kusimama mbele ya mkeo na kusema: nilimwona mtu huyu kwa macho yangu, hali mafuta, havuti, haibi hata chumvi. Ushahidi wa mtu mzima. Njiani niliufanyia mazoezi mpaka abiria jirani akahama kiti.

Mkaguzi ndiye aliyefungua. Nikasema, "Hodi mwanangu, mimi ni pacha wa baba yako." Akatabasamu. Halafu akavuta pumzi. Pacha, nilikuwa nimevuta moja kituoni kujipa moyo, na njiani nilikula soseji mbili. Yule mtoto ana pua ya mbwa wa polisi. Tabasamu lilimtoka usoni kama maji kwenye sinki.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Wewe ndiye unayemletea."

Nilijitetea. Jinsi nilivyozidi kusema ndivyo nilivyozidi kumpumulia. Mkeo akaja, akaniangalia kuanzia viatu mpaka sharubu, akasema, "Baba, nenda tu. Hatutaki ugomvi." Nikaenda. Nisamehe. Nilienda kukuzimia moto kwa ndoo ya mafuta ya taa.

Sasa habari. Nilipokuwa hospitali mara ya mwisho nilimkuta Miwani ana wenzake wawili. Wanatafuta watu waliozibuliwa mishipa: ambao imeziba tena, na ambao haikuziba. Wanachukua damu, wanalinganisha. Wanasema kuna kitu ndani ya urithi wa mtu, hizo jeni, kinachofanya mshipa wa huyu upone vizuri na wa yule uote nyama hata akila majani kama sungura. Nikamwambia, "Daktari, mbona mnahangaika? Mimi na Fundi. Siku moja, chumba kimoja, mimi mkosaji yeye mtawa. Tuchukueni sisi." Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akasema, "Mwambie aje."

Nenda, Pacha. Mimi mwenye kuogopa sindano kuliko mamba nimeshatoa yangu. Nilizirai kidogo, usimwambie mtu.

Pacha wako wa mlangoni


27 Juni

Kinyozi,

Salamu.

Ulifanya nini nyumbani kwangu? Tangu uondoke, mke wangu anakuja dukani mchana na chakula changu, anakaa mpaka nimalize, anaondoka na sahani. Wateja wanadhani ni mapenzi.

Nitakwenda kutoa damu. Siendi kwa ajili ya sayansi wala kwa ajili yako. Nakwenda ili siku moja daktari yule yule aliyevua miwani yake kunibembeleza, azivae, awatazame usoni mke wangu na Mkaguzi, awaambie kwa kinywa chake kwamba mimi si mwongo. Nitawaketisha mbele yake. Nitataka kuona nyuso zao. Nawaza jambo hilo ninapopiga pasi, ninapotunga sindano, hata ninapotafuna yale matango. Ni kitu pekee siku hizi kinachonipa hamu ya kula.

Zima sigara hiyo.

Fundi


14 Agosti

Pacha,

Hujambo? Jibu hata kwa neno moja. Kondakta anasema duka lako lilikuwa limefungwa mara mbili alipopita. Hapa wote wazima. Mama watoto anakusalimu.

Wa mlangoni


14 Septemba

Pacha wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa mama watoto. Nisamehe ukimya. Nisamehe na maneno ya nyuma, yale ya mafuta. Nilikuwa nimelazwa kidogo, nikatoka, na majibu yakaja.

Niliwaketisha kama nilivyoapa. Mke wangu kulia kwangu, Mkaguzi kushoto. Miwani akaanza hivi, nami nakuandikia maneno yake karibu yote kwa sababu nilikuwa nimeyangoja kama mshahara:

"Mzee huyu hakudanganya. Kuna vitu viwili alizaliwa navyo. Cha kwanza ni aina fulani ya mafuta ya damu ambayo kiwango chake kinaamuliwa na urithi. Hayo hayasikilizi chakula. Yake yako juu sana. Cha pili, ana alama katika jeni zake ambazo tumeziona zaidi kwa watu ambao kidonda cha mshipa kinapona kupita kiasi. Ukiweka chuma, mwili unakiona ni jeraha, unajenga kovu. Kwa wengine kovu ni jembamba. Kwake linaota mpaka linaziba njia. Sisemi jeni ni hukumu, na bado hatujui yote. Ni mzigo tu kwenye mizani. Bila ule uangalifu wake, pengine mishipa mingine nayo ingekuwa imekwenda."

Kisha akanigeukia. "Nilikukosea, mzee."

Mke wangu alijifunika uso kwa kitambaa. Na mimi, Pacha, nilifurahi. Nilifurahi kwa namna chafu, namna ya mtu anayekanyaga mdudu. Niligeuka kushoto ili nimwone binti yangu akiona haya. Nilikuwa hata na sentensi yangu tayari mdomoni, nimeipiga pasi, nimeikunja.

Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama daktari. Akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia tangu alipokuwa wa miaka sita, "Na mimi?"

Miwani akamgeukia. Akasema, "Yawezekana. Kwa yale mafuta ni kama nusu kwa nusu. Inafaa upimwe."

Pacha, ile furaha iliniishia hapo hapo. Nilitoka nje nikatapika kwenye pipa la taka la korido, mbele za watu. Mhudumu akaja na ufagio akanung'unika. Alikuwa na haki.

Tangu siku ile amekataa kwenda kupimwa. Hakagui tena kitu. Nimeacha koti langu kitini makusudi na mfuko wazi, hakutia mkono. Akipanda ngazi anasimama katikati, anaweka kiganja hapa, juu ya titi la kushoto, anasikiliza. Ana miaka ishirini na saba. Na ninajua anasikiliza nini. Anasikiliza kitu changu. Nilimnunulia viatu, nikamlipia shule, nikamshonea kila sare aliyovaa kwa mkono wangu, na chini ya yote hayo nilikuwa nimemtilia uchafu huu ndani tangu kabla hajawa na jina.

Nilitaka kuaminiwa. Sasa wananiamini, na sipati pa kuitema imani hiyo.

Ninakuomba kitu. Wewe umeongopa maisha yako yote kwenye kiti cha kinyozi, unawaambia wenye upara kwamba nywele zinarudi. Niongopee mara moja. Mwandikie Mkaguzi. Sema ni kweli ulikuwa unaniletea nyama, kila wiki, tunakula nyuma ya duka. Daktari amepotoka kwa sababu nilimficha. Nami nitakiri. Nitakiri mbele ya shemeji na vidole vyake. Wacha iwe ni ulafi wangu. Ulafi haurithiwi, Pacha. Atanidharau na ataishi.

Fanya upesi.

Pacha wako wa dirishani


21 Septemba

Fundi,

Salamu kwenu nyote. Mama watoto amesoma barua yako juu ya bega langu, nikamwachia asome. Amelia. Mimi sikulia. Mimi, kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, nimeona kinyaa, nacho ni kwa ajili yako.

Sitaandika uongo huo.

Kwanza, wenye upara wangu wanajua naongopa na wanalipa wakijua. Huo ni utani, si uongo. Huu wako ni kitu kingine. Hebu ufuate mpaka mwisho wake. Binti yako atasema: kumbe Baba alikuwa mlafi, mimi si mlafi, basi mimi niko salama. Hatapimwa. Hatapewa dawa mapema. Hatamwambia daktari wa kesho kwamba ana kovu la ukoo. Atakuwa na miaka yako, amebeba daftari za watoto wake wa chekechea, mkono ule utamkaba, na hatajua jina lake. Hapo ndipo utakuwa umempa uchafu kwa mkono wako. Huu wa kwanza hukumpa wewe. Wewe ulipewa, ukapitisha, kama sote. Nani alikuuliza?

Unasema ulafi haurithiwi. Kweli. Lakini na woga nao? Ukimwonyesha kwamba jambo hili ni la kufunikwa kwa nyama ya kubuni, atalifunika, na wanawe watalifunika.

Halafu acha kujiita uchafu. Unaniudhi. Ungemsikia mteja wangu anasema hivyo kuhusu baba yangu, nami nimeshika wembe, ungeona.

Na kwa kuwa tunaambiana: Miwani amenipigia simu. Kwamba kovu langu ni jembamba, sawa, hiyo ni bahati ya kuzaliwa. Lakini mshipa mwingine, mbali na chuma, umeanza kuziba. "Huo si wa urithi," akasema, "huo ni wako mwenyewe." Nimepunguza sigara. Sijaacha. Sitakudanganya wewe ili unione mwema.

Mwambie asogee, azungumze na wewe. Au wewe sogea. Nimekasirika, lakini bado ni pacha wako.

Wa mlangoni


2 Desemba

Pacha wangu,

Salamu kutoka kitanda ambacho safari hii hakina dirisha wala mlango karibu. Nimewekwa katikati, mkabala na mzee anayekohoa makohozi kwenye kikombe cha chai kisha anakifunika mfuniko kwa heshima. Natumaini wewe na mama watoto hamjambo. Kesho asubuhi wananifungua kifua. Wamesema vyuma basi. Mwili wangu haupatani na chuma. Watachukua mshipa mguuni na kuupitisha kando ya palipoziba. Leo kijana mmoja alikuja kuninyoa kifua na miguu. Wembe butu, maji baridi, amepita kama anayekwangua magamba ya samaki. Ungeona kazi yake ungetapika.

Barua yako ilinikasirisha wiki nzima. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa natafuta pa kukukosoa, nikakosa.

Halafu alikuja mwenyewe. Nilikuwa dukani, mchana, nashona kola. Akaingia, akaketi juu ya jora, akauweka mkoba wake mapajani akaushika kwa mikono miwili.

"Nimepimwa," akasema.

Nikaondoa mguu kwenye cherehani. "Wamesemaje?"

"Ni kama yako, Baba. Juu vile vile. Hiyo ya kovu hawakupima. Wanasema haina maana mpaka siku mtu awekewe chuma."

Nilitazama ile kola. Niliichukia, nilichukia vidole vyangu, nilichukia mshipa uliokuwa unapiga kwenye kifundo cha mkono wake, kwa sababu niliuona ni wangu.

Akasema, "Nikuulize mara ya mwisho, usikasirike. Ulikuwa unakula kwa siri?"

Pacha, uongo ulikuwepo. Wewe ulikataa kuuandika lakini mimi nilikuwa nimeuhifadhi, umekamilika, una nyama yake na siku zake. Nilifungua mdomo. Naye hakungoja. Akasema, "Maana nimekaa nikiomba iwe hivyo. Laiti ungekuwa mlafi, Baba. Ningekununia tu, yakaisha."

Nikasema, "Na mimi naomba hivyo hivyo, mwanangu."

"Hata kipande kidogo? Hata siku ya koti?"

"Hata siku ya koti. Sijala."

Akainama. Nilidhani atalia kimya kama mama yake, lakini alilia kwa hasira, akapiga jora kwa ngumi mpaka vumbi likatuingia puani wote wawili. Akasema ni ujinga, ni uonevu, inatia kinyaa, na mimi nikamwambia ndiyo, inatia kinyaa, kila neno. Hakuna aliyembembeleza mwenzake. Mteja alitokea, akatuona, akarudi alikotoka. Baadaye akajipangusa kwa kipande cha bitana cha bei ghali, sikumkataza. Akaniuliza babu yake alikufaje. Nikamweleza nilichojua, na nisichojua tukakubaliana tumwulize shangazi yake. Sasa ana dawa yake, na tarehe yake ya kurudi kliniki. Ndugu zangu wawili amewakokota wakapimwe. Mmoja alimfukuza mara ya kwanza, akarudi tena. Bado ni Mkaguzi, ila amehamia wilaya kubwa zaidi.

Usidhani moyo wangu umekuwa asali. Bado nikimwona anameza kile kidonge nageuza uso. Bado shemeji yangu anakula kwa watu wanne na moyo wake unapiga kama ngoma ya harusi. Alinitembelea leo, akala ndizi zangu. Bado naona kinyaa na hii nyama isiyotii. Nimeacha tu kusubiri kinyaa kiishe ndipo niongee na mwanangu.

Jambo la mwisho, halafu muuguzi azime taa. Jioni hii saa za kutazama wagonjwa zilikwisha, kengele ikapigwa, wageni wakatoka. Yeye akabaki, anakunja nguo zangu. Muuguzi wa zamu, yule mkali, akaja akamsimamia. "Dada, muda umekwisha. Hawa wa kufunguliwa kifua kesho wanabaki na mtu wa karibu tu. Wewe nani wake?"

Nilitegemea atasema mimi binti yake. Hakuinua hata kichwa kutoka kwenye shati.

"Mimi ni damu yake," akasema, vile mtu anavyotaja cheo.

Muuguzi akamvutia kiti. Mimi niligeukia upande wa yule mzee wa makohozi, nikamtazama yeye na kikombe chake muda mrefu, kwa sababu upande wa pili nisingeweza kutazama bila kuonekana.

Mama watoto msalimu sana.

Pacha wako